Kishazi Rejeshi katika Kiswahili na Kiingereza: Mwongozo kwa Mwalimu na Mfasiri

Kishazi rejeshi ni kishazi tegemezi kinachofanya kazi ya kivumishi, yaani hufafanua nomino iliyotajwa kabla yake. Katika sentensi “Mwalimu aliyenisaidia amehamia Tanga”, neno “aliyenisaidia” ni kishazi kizima kilichobanwa ndani ya kitenzi kimoja. Mna kiambishi cha kiima (a-), cha wakati (-li-), kirejeshi (-ye-), kiambishi cha shamirisho (-ni-) na shina la kitenzi (-saidia). Kiingereza hueleza jambo hilohilo kwa maneno matatu yaliyosimama mbalimbali: “who helped me”. Lugha zote mbili huweka kishazi hiki baada ya nomino, na kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza haanzi na mikono mitupu. Hata hivyo, ndani ya kishazi chenyewe lugha hizi hutengana, na hapo ndipo makosa mengi ya wanafunzi na wafasiri huzaliwa.

Makala haya yanaeleza tofauti hizo, makosa yanayotokana nazo, na namna ya kukitumia kishazi rejeshi ili kuipa insha sentensi za aina mbalimbali.

1. Kwa nini kishazi hiki ni muhimu

Nchini Tanzania mwanafunzi hujifunza Kiingereza kama somo katika shule nyingi za msingi, kisha anapoingia kidato cha kwanza hukikuta kimekuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Kuanzia siku hiyo hukutana na fasili, na fasili hujengwa kwa kishazi rejeshi: hutajwa kundi pana, kisha kishazi hulipunguza kundi hilo. Tazama mifano hii:

“A thermometer is an instrument that measures temperature.”
Kipimajoto ni kifaa kinachopima joto.

“A desert is an area that does not get enough rain.”
Jangwa ni eneo lisilopata mvua ya kutosha.

Mwanafunzi asiyeweza kuunda kishazi rejeshi cha Kiingereza hupoteza alama katika fizikia, jiografia na historia pia, ingawa pengine anaifahamu dhana yenyewe vizuri. Anajua jangwa ni nini, lakini hana umbo la kulisemea. Kwa sababu hiyo somo la kishazi rejeshi ni la walimu wa masomo yote, si la mwalimu wa lugha peke yake.

2. Njia za urejeshi katika Kiswahili

Kiswahili kina njia kuu tatu.

Ya kwanza ni ya kirejeshi kinachokaa ndani ya kitenzi baada ya kiambishi cha wakati: anayesoma, aliyesoma, atakayesoma. Njia hii hukubali viambishi -na-, -li- na -taka- tu, pamoja na -si- ya ukanushi: asiyesoma. Haiwezekani kukipachika kirejeshi baada ya -me-, -ki- wala -nge-.

Ya pili ni ya kirejeshi kinachokaa mwishoni mwa kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati: asomaye, ajaye, mwezi ujao. Njia hii hueleza mambo ya kawaida au ya siku zote, na ndiyo inayosikika katika methali kama “Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki”.

Ya tatu ni ya amba-, shina lililotokana na kitenzi cha zamani kuamba, yaani kusema, ambacho mabaki yake tunayo katika ambia na kwamba. Amba- hukubali wakati wowote na ukanushi wowote: ambaye amefika, ambaye hakufika, ambaye angefika.

Kwa njia zote tatu kirejeshi hufuata ngeli ya nomino: mtu -ye, watu -o, mti -o, miti -yo, kiti -cho, viti -vyo, gari -lo, magari -yo, nyumba -yo au -zo. Mahali hupata -po, -ko na -mo.

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara katika maandishi ya Kiswahili. Kwanza, urejeshi maradufu, kama “mtu ambaye aliyekuja”. Kirejeshi kimoja kinatosha: aliyekuja, au ambaye alikuja. Pili, “ambapo” kutumiwa kama kiunganishi cha kila kitu: “sheria ambapo inakataza”. Ambapo ni ya mahali au wakati. Sheria ni ya ngeli ya I-ZI, basi iwe “sheria ambayo inakataza”, au kwa ufupi “sheria inayokataza”.

3. Makosa matano ya Mswahili katika Kiingereza

Makosa yafuatayo hayatokani na uzembe. Kila moja lina asili yake katika kanuni halali ya Kiswahili, na mwalimu anayeitambua asili hiyo hulirekebisha kwa urahisi zaidi.

(a) Kubakiza kiwakilishi cha shamirisho. Kiswahili huruhusu “kitabu nilichokisoma”, ambapo -ki- ya pili hurudia kitabu. Mwanafunzi huandika “the book which I read it”. Katika Kiingereza “which” tayari imeshika nafasi ya shamirisho, na “it” lazima iondoke.

(b) Kubakiza kiwakilishi baada ya kihusishi. “Rafiki niliyezungumza naye” huwa “the friend who I talked with him”. Kiingereza husema “the friend I talked with”, na kihusishi hubaki peke yake mwishoni.

(c) Kuacha kihusishi. Hili ni kinyume cha kosa lililotangulia, na asili yake ni kauli ya kutendea. Katika “kalamu ninayoandikia”, kiambishi -i- ndani ya kitenzi hubeba maana ya chombo. Mwanafunzi asiyeona kihusishi katika sentensi yake ya Kiswahili huandika “the pen which I write”. Inatakiwa “the pen I write with”. Mahali nako huleta kosa hilohilo: “nyumba tuliyoishi” huzaa “the house which we lived”, badala ya “the house where we lived” au “the house we lived in”.

(d) Umilikishi. Kiswahili husema “mwanafunzi ambaye baba yake ni daktari”, na mwanafunzi hutafsiri neno kwa neno: “the student who his father is a doctor”. Kiingereza kina neno moja linalounganisha urejeshi na umiliki: “whose father is a doctor”.

(e) Wakati. Kosa hili halizungumzwi sana, nalo huwapata hata wafasiri wazoefu. Kwa kuwa kirejeshi hakikai na -me-, umbo la -li- hubeba kazi ya nyakati zote mbili. “Mtu amesimama mlangoni” hugeuka “mtu aliyesimama mlangoni”, na mtu huyo bado amesimama. Tafsiri yake ni “the man standing at the door”, au “who is standing”, wala si “who stood” isipokuwa muktadha ni wa zamani. Ndivyo ilivyo kwa aliyelala, aliyevaa kofia, aliyekaa na vitenzi vingine vya hali.

Kwa upande wa kusoma, tatizo kubwa ni kishazi kisicho na kirejeshi. Kiingereza huruhusu “The man I saw left”, bila “who” wala “that”, endapo nomino inayofafanuliwa ni shamirisho ya kishazi. Kiswahili hakiruhusu kamwe kukiacha kirejeshi. Msomaji wa Kiswahili hufika kwenye “saw left” akakwama, akidhani neno limeanguka. Dawa yake ni kumzoeza kutafuta nomino mbili zilizofuatana pasipo kiunganishi wala mkato, kama “the man I”, na kuelewa kwamba kati yake pana kirejeshi kisichotamkwa.

4. Mkato unaobadili maana

Vishazi rejeshi hugawanyika katika aina mbili kwa maana. Kishazi bainishi huchagua: hutuambia ni yupi kati ya wengi. Kishazi cha nyongeza hakichagui. Huongeza habari juu ya mtu au kitu kinachojulikana tayari. Kiingereza hutofautisha aina hizi kwa mkato, yaani koma. Linganisha:

“The workers who were not given notice will be paid.”
“The workers, who were not given notice, will be paid.”

Katika sentensi ya kwanza watalipwa baadhi ya wafanyakazi, wale ambao hawakupewa notisi. Katika ya pili watalipwa wote, na kukosa notisi ni habari ya nyongeza juu yao wote. Mikato miwili huamua nani atapata fedha na nani atakosa. Mfasiri wa mkataba asiyeiona huenda akawanyima watu haki yao, au akamtwika mwajiri deni ambalo hakulikubali.

Kiswahili hakina mazoea imara kama hayo. Amba- huweza kubeba maana zote mbili, na mkato wake mara nyingi hutiwa kwa kufuata pumzi. Umbo la kirejeshi ndani ya kitenzi, lisipotanguliwa na mkato, huelekea zaidi upande wa kubainisha. Basi sentensi ya kwanza hutafsirika vyema kwa “Wafanyakazi ambao hawakupewa notisi ndio watakaolipwa”. Ya pili ni salama zaidi ikigawanywa: “Wafanyakazi wote watalipwa, kwa kuwa hawakupewa notisi”, iwapo muktadha unaonyesha sababu, au “Wafanyakazi wote hawakupewa notisi, nao watalipwa”, iwapo hauonyeshi.

Mfasiri ajihadhari pia na “wafanyakazi wasiopewa notisi”. Ni umbo fupi na zuri, ila -si- haina wakati: wasiopewa ni wale ambao hawapewi, hawakupewa, au hawatapewa. Katika methali ukosefu huo wa wakati ndio nguvu yake, kama katika “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu”. Katika waraka wa kisheria ni udhaifu. Wakati ukiwa na uzito, tumia amba- na kitenzi kamili: ambao hawakupewa.

5. Utata ambao ngeli huuondoa, na ule usioondolewa

Ngeli humsaidia msomaji kujua kishazi kinarejelea nomino ipi. “Vitabu vya wanafunzi vilivyopotea” ni vitabu vilivyopotea; “vitabu vya wanafunzi waliopotea” ni vya wanafunzi ambao hawajulikani walipo. Upatanisho peke yake umemaliza kazi. Kiingereza hakina ngeli, na hutegemea zaidi ukaribu wa kishazi na nomino yake. Ndiyo maana mwalimu husisitiza kwamba kishazi kikae karibu kabisa na nomino kinayoifafanua.

Lakini ngeli zina mipaka. Katika “miguu ya meza iliyovunjika” hatujui kama iliyovunjika ni miguu au meza, kwa kuwa nomino zote mbili hupatanishwa kwa i-. Na katika “mtoto wa jirani aliyeumwa na mbwa”, aliyeumwa anaweza kuwa mtoto au jirani.

Utata mwingine ni mzito zaidi. Tazama:

“Askari aliyempiga kijana amehojiwa.”

Nani alimpiga mwenzake? Kiima cha kishazi cha aina hii, kinapotajwa kwa nomino, huja baada ya kitenzi. Kwa hiyo “kijana” anaweza kuwa aliyepigwa au aliyepiga. Katika taarifa ya habari, au katika ushahidi unaotafsiriwa mahakamani, tofauti hiyo si ndogo, na Kiingereza humlazimisha mfasiri achague: “who hit the young man” au “whom the young man hit”. Amba- huumaliza utata:

Askari ambaye alimpiga kijana amehojiwa.
Askari ambaye kijana alimpiga amehojiwa.

Upatanisho wa umoja na wingi nao husaidia: “askari aliyewapiga vijana” na “askari waliyempiga vijana” hazigongani. Anayeandika kwa umakini asiogope amba- mahali kama hapa. Walimu wengine huwakataza wanafunzi kuitumia wakidhani ni kuiga Kiingereza. Kuitumia kila mahali ni uchovu wa lugha, lakini kuikataa panapotakiwa uwazi ni kosa vilevile.

6. Kishazi rejeshi na sura za sentensi

Insha iliyojaa sentensi sahili tupu huchosha, hata kama haina kosa. Chukua habari hizi tatu:

Kilwa Kisiwani ni kisiwa. Kipo karibu na pwani ya kusini ya Tanzania. Ibn Battuta alikitembelea mwaka 1331.

Mwanafunzi anaweza kuziunganisha kwa namna tofauti:

“Kilwa Kisiwani, which lies off the southern coast of Tanzania, was visited by Ibn Battuta in 1331.”

“Kilwa Kisiwani, which Ibn Battuta visited in 1331, lies off the southern coast of Tanzania.”

Habari ni zilezile, lakini uzito umehama. Kilichomo katika kishazi huru ndiyo habari kuu. Kilichomo katika kishazi rejeshi cha nyongeza ni usuli. Sentensi ya kwanza inafaa katika insha ya historia, ya pili katika insha ya jiografia. Mwanafunzi afundishwe kujiuliza: ni jambo gani ninataka msomaji abaki nalo? Hilo liingie katika kishazi huru. Bila swali hili, kuunganisha sentensi hugeuka mchezo wa kurefusha maneno.

Kwa Kiswahili uwanja ni mpana zaidi, kwani si kila kishazi rejeshi cha Kiingereza kinadai kishazi rejeshi chetu. “A person who reads” ni msomaji. “A shape that has three sides” ni umbo lenye pande tatu. “A house that is big” ni nyumba kubwa. Tafsiri inayoweka “ambaye” na “ambayo” katika kila mstari haijamaliza safari. Maana imevuka, lakini sentensi bado ni za Kiingereza.

Miundo miwili ya Kiingereza inahitaji uangalifu wa pekee. Wa kwanza ni “which” inayorejelea tendo zima: “He came late, which annoyed the teacher.” Kiswahili hudai nomino ya kushikilia kirejeshi: “Alichelewa, jambo lililomuudhi mwalimu.” Kulingana na maana huweza pia kuwa hali, kitendo au habari. Wa pili ni kishazi cha nyongeza kinachoendeleza kisa: “She gave the letter to the clerk, who tore it up.” Hapa “who” haifafanui karani, inasogeza hadithi mbele. Kiswahili kina -ka- kwa kazi hiyo: “Alimpa karani barua, naye akaichana.” Ukiandika “alimpa karani ambaye aliichana barua”, umemfanya karani atambulike kwa tendo ambalo bado hajalitenda.

7. Mpangilio wa kufundisha

Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walionyesha kwamba nafasi zinazoweza kurejeshwa zina ngazi: kiima kwanza, kisha shamirisho ya moja kwa moja, shamirisho ya kutendewa, nomino baada ya kihusishi, umilikishi, na mwisho ulinganishi. Lugha inayoweza kurejesha ngazi fulani huelekea kuweza kurejesha zote zilizo juu yake. Ngazi hii humfaa mwalimu kama ratiba: aanze na “the man who came”, afuatishe “the book I bought”, na aiache “whose” hadi zile za juu zimekomaa.

Hatua zifuatazo hufuata mantiki hiyo:

Kwanza, anza na fasili kutoka katika masomo mengine ya wanafunzi, maana hizo ni kirejeshi cha kiima.

Pili, katika shamirisho, wanafunzi waandike sentensi mbili kamili, wapige mstari chini ya nomino inayojirudia, kisha wakifute kiwakilishi chake. “I bought the book. I read it.” Kufuta “it” kwa kalamu hukumbukwa kuliko kukariri kanuni.

Tatu, katika vihusishi, warudi kwenye sentensi sahili: “I write with a pen.” Wahakikishe “with” imefika salama katika sentensi mpya.

Nne, mkato ufundishwe kwa swali la hesabu: ni wote, au ni baadhi?

Tano, wape aya ya sentensi fupi, waiandike kwa namna mbili, na waeleze tofauti ya uzito.

Katika kusahihisha, mwalimu asihesabu makosa peke yake. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alilinganisha insha za Kiingereza za wanafunzi waliozungumza Kichina, Kijapani, Kiajemi na Kiarabu. Wachina na Wajapani walikuwa na makosa machache zaidi ya vishazi rejeshi, na mtu angeweza kusema wao ndio wanaovimudu. Kumbe walivitumia mara chache mno, walivikwepa. Somo hilo linatuhusu. Mwanafunzi anayeandika vishazi kumi na kukosea vitatu yuko mbele ya yule asiyeandika hata kimoja na kurudishiwa daftari safi. Alama zikitolewa kwa usafi tu, tunawafundisha watoto kukwepa.

8. Zoezi fupi

Tafsiri sentensi hizi, kisha linganisha na majibu.

1. “The committee rejected the report, which surprised the villagers.”
2. “The tailor I told you about has closed his shop.”
3. Mgeni aliyekaa karibu na dirisha ni mjomba wangu.
4. Mwanamke ambaye mtoto wake anaumwa ameondoka.

Majibu:

1. Kamati iliikataa ripoti, jambo lililowashangaza wanakijiji. Kama kilichowashangaza ni ripoti yenyewe, basi: ripoti iliyowashangaza wanakijiji. Muktadha ndio utakaoamua.
2. Fundi cherehani niliyekueleza habari zake amefunga duka lake. Kirejeshi kisichotamkwa katika Kiingereza hakina budi kuonekana katika Kiswahili.
3. “The guest sitting by the window is my uncle.” Umbo la -li- hapa ni la hali inayoendelea.
4. “The woman whose child is sick has left.” “Who her child” haikubaliki.